Kosa la ayonosfia: kusahihisha si kufuta

Katika mazungumzo ya kila siku, kosa huwa na mkosaji: mtu hulitenda, hulaumiwa, huomba radhi. Katika fani ya upimaji, kosa ni tofauti kati ya thamani iliyopimwa na thamani halisi, hata pale ambapo hakuna aliyezembea. Kosa la ayonosfia ni la aina hii ya pili.

Ayonosfia ni sehemu ya juu ya angahewa, kuanzia kimo cha kilomita 60 hivi hadi takriban kilomita 1,000, ambamo miali ya jua hubandua elektroni kutoka katika atomi na molekuli za hewa. Elektroni hizo huru hubadili mwendo na njia ya mawimbi ya redio.

Athari hiyo huwakabili wanaopima angahewa kwa mawimbi ya GPS. Setilaiti ya GPS, iliyo kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutuma mawimbi. Setilaiti nyingine, iliyo karibu zaidi na Dunia, huyapokea wakati ile ya kwanza inapozama nyuma ya upeo. Mawimbi hupinda yanapopenya hewa, na kutokana na pembe ya mpindo hukokotolewa msongamano wa hewa, kanieneo na halijoto. Karibu na ardhi pembe hiyo hufikia takriban digrii 1. Kwenye kimo cha kilomita 60 huwa ndogo mno, hata mpindo wa ayonosfia huweza kuushinda ule wa hewa.

Namna ya kusahihisha

Hesabu hii hutumia masafa mawili ya mawimbi ya GPS: megahezi 1,575.42 na megahezi 1,227.60. Hewa huyapinda yote kwa kiasi kimoja. Ayonosfia huyapinda zaidi yale ya masafa madogo, kwa kiasi kinachokaribia kuwa kinyume cha mraba wa masafa. Kwa hiyo, tofauti ya pembe hizo mbili ikizidishwa kwa 1.546, hupatikana kosa lililomo katika pembe ya masafa makubwa.

Tuseme pembe ya kwanza imepimwa kuwa vizio 110 na ya pili 116.47. Tofauti ni 6.47, ikizidishwa kwa 1.546 hutoa 10. Basi mpindo wa hewa peke yake ni 100. Hesabu hii ya pembe ilielezwa na Vorob'ev na Krasil'nikova mwaka 1994.

Masalio ya kosa

Hata hivyo, hesabu hiyo haimalizi kosa lote. Mawimbi hayo mawili hayapiti njia moja kabisa, na kanuni ya mraba wa masafa ni makadirio. Kinachobaki ni kidogo, lakini kina tabia yake: huwa kikubwa zaidi mchana kuliko usiku, na hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi. Hapo ndipo penye hatari. Anayelinganisha halijoto ya tabakastrato ya miaka ya jua kali na ile ya miaka ya jua tulivu huweza kudhani kuwa tabianchi imebadilika, kumbe anasoma alama ya jua katika vipimo vyake. Ndiyo sababu Healy na Culverwell walipendekeza, mwaka 2015, kuongeza katika hesabu kijenzi kinachotegemea mraba wa tofauti ya pembe zile mbili.

Matumizi

*Sahihisha* humaanisha kukaribisha thamani kwenye usahihi. *Ondoa* na *futa* hudai kwamba hakuna kilichobaki. Kwa hiyo ni bora kuandika "kosa la ayonosfia limesahihishwa" na kutaja *masalio ya kosa* panapohusika.

*Masafa* nalo lina maana mbili: umbali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika maandishi yanayohusu setilaiti maana zote mbili hukutana, hivyo inafaa kutumia *umbali* kwa ile ya kwanza na *masafa ya mawimbi* kwa ile ya pili.