Jina la Kampaundi Lina Sehemu Mbili: Haidrokaboni na Makundi Tendaji

Mada hii huwatisha wanafunzi wengi kwa wingi wa majina yake. Usijaribu kuyakariri moja moja. Karibu kila jina utakalokutana nalo katika mtihani lina sehemu mbili: shina, linalokueleza idadi ya atomu za kaboni, na kiishio, kinachokueleza familia ya kampaundi hiyo. Ukiweza kusoma sehemu zote mbili, utaandika fomula na kutabiri tabia ya kampaundi hata kama hujawahi kuiona.

1. Msingi: kaboni ina mikono minne

Valensi ya kaboni ni 4. Ichukulie kama atomu yenye mikono minne, na kila mkono lazima ushike kitu. Haidrojeni ina mkono mmoja, oksijeni miwili. Kaboni pia hushikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya minyororo mirefu. Ndiyo sababu kampaundi za kaboni ni nyingi sana.

Haidrokaboni ni kampaundi yenye kaboni na haidrojeni tu. Ikiwa na oksijeni au elementi nyingine, si haidrokaboni tena.

2. Mashina ya kukumbuka

meth- (kaboni 1), eth- (2), prop- (3), but- (4), pent- (5), heks- (6).

3. Familia tatu za haidrokaboni

*Alkani* (kiishio -ani): CₙH₂ₙ₊₂. Kaboni zimeshikana kwa mkono mmoja mmoja. Zimeshiba, yaani hazina nafasi ya kupokea atomu nyingine. Mfano: propani, C₃H₈.

*Alkeni* (kiishio -eni): CₙH₂ₙ. Kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili, yaani kwa bondi maradufu. Hazijashiba. Mfano: etheni, C₂H₄, gesi ambayo matunda yenyewe huitoa na kuyafanya yaive. Ndizi zilizofungiwa pamoja huiva haraka kwa sababu gesi hiyo haipati pa kutokea.

*Alkaini* (kiishio -aini): CₙH₂ₙ₋₂. Kaboni mbili zimeshikana kwa mikono mitatu mitatu. Mfano: ethaini, C₂H₂, gesi inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma.

Familia ya alkeni na ya alkaini huanzia kaboni mbili. Kaboni moja haiwezi kufanya bondi maradufu na kaboni isiyokuwepo.

*Jaribio la kuzitofautisha:* tikisa kampaundi pamoja na maji ya bromini. Alkeni na alkaini huondoa rangi ya bromini mara moja, kwa kuwa bondi hufunguka na kuipokea:

C₂H₄ + Br₂ → C₂H₄Br₂

Alkani haiondoi rangi hiyo gizani, kwa sababu haina mkono ulio wazi.

4. Alkani jikoni

Gesi ya mitungi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Gesi asilia ya Songo Songo, mkoani Lindi, karibu yote ni methani. Zote ni alkani, na zote huungua vizuri penye oksijeni ya kutosha:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Oksijeni ikiwa haba, hutokea masizi na kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu. Mwali wa bluu huonyesha gesi inaungua kikamilifu. Mwali wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni dalili ya hewa kutotosha.

Sasa angalia mashina. Uzito wa molekuli ya methani ni 16, propani 44 na butani 58. Wastani wa hewa ni kama 29. Methani ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi hushuka na kutanda sakafuni, ambako haitoki kirahisi kwa dirisha la juu. Kwa hiyo ukisikia harufu ya gesi ya mtungi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, utoke nje.

5. Makundi tendaji

Kundi tendaji ni atomu, kikundi cha atomu au bondi inayoipa kampaundi tabia zake za kikemia. Mnyororo wa kaboni huibeba tu. Bondi maradufu ya alkeni ni mfano mmoja. Mingine miwili unayopaswa kuijua:

*-OH:* alkoholi (kiishio -anoli). Mfano: ethanoli, C₂H₅OH.

*-COOH:* asidi za kaboksili (kiishio -anoiki). Mfano: asidi ya ethanoiki, CH₃COOH, iliyomo katika siki.

Linganisha uone nguvu ya kundi tendaji. Propani ina uzito wa 44 na huchemka kwenye nyuzi −42 °C. Ethanoli ina uzito wa 46, karibu sawa, lakini huchemka kwenye 78 °C. Tofauti hiyo inatokana na -OH: molekuli za ethanoli huvutana kwa bondi za haidrojeni, hivyo joto jingi huhitajika kuzitenganisha.

Kundi moja linaweza kugeuzwa kuwa jingine. Sukari ya tembo la mnazi huchachuka na kuwa ethanoli. Tembo likiachwa wazi, bakteria huitumia oksijeni ya hewa kuigeuza ethanoli kuwa asidi ya ethanoiki, na tembo huwa siki. Maabara hufanya hivyo kwa potasiamu daikromati yenye asidi, ambayo hubadilika kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Asidi hutambulika kwa sodiamu kaboneti: hutoa mapovu ya CO₂, ilhali ethanoli haitoi.

6. Usisahau shina

Methanoli na ethanoli zina kundi moja, -OH. Zote ni vimiminika visivyo na rangi, huungua na huchanganyika na maji. Zimetofautiana kwa kaboni moja tu. Lakini mwilini, ini huigeuza methanoli kuwa methanali, kisha asidi ya methanoiki, ambayo huharibu neva ya macho. Kiasi kidogo huweza kupofusha au kuua. Nchini Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kwa macho hawakuweza kuitambua. Kiishio kinakuambia kampaundi ni ya familia gani. Shina ndilo linalokuambia ni ipi hasa katika familia hiyo.

7. Makosa yanayopoteza alama

- Kuisahau kaboni iliyo ndani ya -COOH wakati wa kuhesabu shina.
- Kuchora kaboni yenye mikono mitatu au mitano. Hesabu bondi za kila kaboni kabla ya kugeuza ukurasa.
- Kuandika kwamba alkeni "inabadilisha rangi" ya maji ya bromini. Taja rangi ya mwanzo na ya mwisho: kahawia, kisha bila rangi.

Jipime

1. Andika fomula ya pentani.
2. Kampaundi C₄H₈ iliondoa rangi ya maji ya bromini. Ni ya familia gani?
3. Taja jina la CH₃CH₂COOH.
4. Una chupa mbili zisizo na lebo, moja ya ethanoli na moja ya asidi ya ethanoiki. Utazitofautishaje bila kunusa wala kuonja?

Majibu

1. n = 5, hivyo haidrojeni ni (2 × 5) + 2 = 12: C₅H₁₂.
2. Alkeni: inafuata CₙH₂ₙ na haijashiba.
3. Kaboni ni tatu, pamoja na ile ya -COOH: asidi ya propanoiki.
4. Tia sodiamu kaboneti katika sampuli ya kila chupa. Inayotoa mapovu ni asidi. Gesi yake huyafanya maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa.