Kulichukua Gari Jipya Kiwandani

Je, msomaji, umewahi kulifuata gari huko huko linakoundwa? Mjini Wolfsburg, Ujerumani, jambo hilo ni la kawaida. Tangu mwaka 2000, wanunuzi wa Volkswagen hufika na jamaa zao Autostadt, kando ya kiwanda. Hapo pana minara miwili ya vioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja ukihifadhi magari 400. Lifti hulishusha gari bila dereva kuligusa, kisha mwenyewe hukabidhiwa ufunguo.

Lakini msafiri kutoka Kenya asije akaingia tamaa! Magari yauzwayo huko yana usukani wa kushoto, na kanuni zetu zataka wa kulia. Tazama, piga picha na watoto, kisha rudi na pesa zako mfukoni.