Maji ya Kijani ni Chakula cha Perege

Mkulima mmoja alituuliza kwa nini perege wake hawakui, ingawa maji ya bwawa lake ni safi hata mtu aweza kuona chini. Kosa ni hilo hilo: maji yake ni safi mno. Perege haishi kwa pumba tu. Hula vimea vidogo mno viotavyo majini, na vimea hivyo ndivyo viyapavyo maji rangi ya kijani. Bwawa lisilo na rangi hiyo ni kama malisho yasiyo na majani.

Ili vimea viote yatakiwa mbolea. Zungushia fito pembe moja ya bwawa, kama zizi dogo, ukatie humo samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, nayo itatoka polepole. Kama udongo wako ni mchachu, kama ulivyo mahali pengi palimwapo chai, tia chokaa kwanza.

Utajuaje kama samadi yatosha? Hahitajiwi mtaalamu wala chombo. Simama ukingoni, kunjua kiganja, uzamishe mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yafikapo kiwikoni, hayo ndiyo maji mazuri. Ukikiona bado, ongeza samadi. Kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, acha kabisa kutia mbolea.

Jambo hilo la mwisho limewatia hasara watu wengi. Mchana, jua likiwaka, vimea hutoa hewa safi majini. Usiku havitoi, bali huitumia hewa ile ile waitakayo samaki. Vikizidi, hewa huwa karibu kwisha kufikia alfajiri, na bwawa zima laweza kufa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mwenye bwawa na aende kulitazama kabla jua halijachomoza. Akiona perege wamekuja juu wakitweta, asiwape chakula siku hiyo; aondoe samadi, afungulie maji mapya yaingie. Wala asidanganywe na kambare: yeye aweza kuvuta hewa ya juu, naye huogelea kwa raha ambapo perege wanakufa.

Pumba za mahindi au za mchele ni nyongeza tu. Wape saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, mahali pale pale kila siku. Kama baada ya dakika 20 chakula bado chaelea, umezidisha, nacho kitaoza na kumaliza hewa.

Bwawa la mita 300 za eneo, kama yale mengi yaliyochimbwa kwa msaada wa Serikali tangu mwaka 2009, lafaa kutiwa vifaranga 1,000 hivi. Perege huzaa mapema, na watoto wakijaa wote hudumaa. Ndiyo maana wengine hutia kambare wachache wawale hao watoto. Lakini kambare hao wawe wadogo kuliko perege wenyewe, ama sivyo utakuwa umewanunulia kambare chakula cha bei ghali.

Vifaranga hupatikana Sagana, kwenye kituo cha samaki kilichoanzishwa mwaka 1948. Wasafirishe asubuhi kungali baridi. Ukifika, usiwamwage, uache mfuko uelee bwawani robo saa hata maji ya ndani yawe na joto sawa na ya nje, kisha fungua mdomo wa mfuko watoke wenyewe.