Kutoka Wodi ya Hospitali Hadi Ikulu ya Somalia

Kusini ya bandari ya Kismayu, kuelekea mpaka wa Kenya, vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Wakazi wake ni wavuvi na mabaharia wasemao Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Pwani hiyo ilitawaliwa na Waingereza hadi mwaka 1925, walipoikabidhi kwa Waitaliano. Tarehe 1 Julai, 1960, ikaingia katika Jamhuri huru ya Somalia, ambayo Rais wake wa kwanza aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali.

Huyo ndiye Aden Abdulle Osman, mzaliwa wa Beledweyne mwaka 1908. Baina ya 1929 na 1941 aliitumikia serikali ya kikoloni ya Kiitalia. Enzi zile mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa wananchi wachache walioijua lugha ya mtawala na kuyaona kwa karibu maradhi ya wanyonge. Si ajabu basi kwamba hata Tanganyika, chama cha TAA kiliongozwa mwaka 1950 na daktari, Vedast Kyaruzi, kabla ya Mwalimu Nyerere.

Mwaka 1944 Aden alijiunga na Umoja wa Vijana wa Somalia. Umoja wa Mataifa ulipoiweka nchi chini ya udhamini wa Italia kwa miaka kumi tangu 1950, aliingia katika Baraza la nchi. Mwaka 1954 akawa Rais wa chama, na 1956 Spika wa Bunge.

Juni 1967 Wabunge walimchagua Abdirashid Ali Shermarke badala yake. Aden aliyakubali matokeo, akakabidhi madaraka kwa amani, akaenda kulima shambani. Barani Afrika lilikuwa jambo geni.

Lakini tarehe 15 Oktoba, 1969, huko Las Anod, Rais Shermarke aliuawa kwa risasi ya askari polisi aliyekuwa katika ulinzi wake. Siku sita baadaye jeshi likatwaa serikali, Katiba na Bunge vikafutwa, na Aden akawekwa kizuizini. Mwaka 1990, mzee wa miaka zaidi ya themanini, alitia saini waraka wa kumtaka Rais Siad Barre afanye mapatano, akakamatwa tena.

Januari 1991 serikali ilianguka. Kismayu ikagombewa na makundi yenye silaha, na Wabajuni wengi, wasio na bunduki wala mlinzi, wakakimbilia Kenya kwa majahazi na mashua. Aden alifariki Nairobi tarehe 8 Juni, 2007.

Askari hapigi kura kwa bunduki yake. Amekabidhiwa silaha ili mvuvi wa Chula alale kwake kwa amani, awe nani awaye aliyeshinda uchaguzi. Amana hiyo ilipovunjwa Somalia, gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote.