Sakafu Iliyotaka Kutugombanisha

Kuna ugomvi wa ndoa unaoanza kwa meseji ya simu, na kuna unaoanza kwa mshahara. Wa kwetu ulianza kwa mbao. Ndiyo, mbao! Usicheke kwanza.

Mwaka 2021 mimi na mume wangu tuliamua kuongeza vyumba kwenye nyumba ya wazazi wake mjini Bariadi. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, mji umekuwa wa kujenga tu. Kila mtaa utakutana na rundo la kokoto na vijana wanamwaga zege. Na sisi tukasema tusiachwe nyuma.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Mwishoni mwa miaka ya 70, fedha ya pamba ilipokaa vizuri, alitandika sebule yake kwa mbao za mninga. Bariadi sakafu ni za niru, nyingi zimepakwa polishi nyekundu, na siku hizi wenye nazo wanaweka marumaru. Sebule ya mbao ni ya kuhesabu kwa vidole. Mume wangu alijifunza kutambaa juu ya mbao hizo, na msiba wa baba yake tuliukalia hapo hapo.

Mpango wetu ulikuwa rahisi: tubomoe ukuta wa nyuma wa sebule, tujenge chumba cha kulia chakula, sakafu iwe moja. Mume wangu akasema, "Tung'oe zote tuweke marumaru, kazi kwisha." Mimi nikasema hapana, tuendeleze mbao. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya karanga za kulia michembe, kimya. Alipomaliza akasema:

"Mwanangu, sakafu hiyo baba yako aliipiga randa kwa mkono wake. Mkiing'oa, na mimi mtaning'oa?"

Nani angeweka marumaru baada ya hapo?

Rangi ilinidanganya

Kosa la kwanza ni langu, naungama. Niliitazama sakafu, nikaona ni kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Nikapiga picha kwa simu, nikaenda kuagiza mbao zinazofanana na picha. Nikaletewa mkongo, mzuri, mwekundu wa kukolea. Shilingi 640,000 zikaondoka.

Fundi mzee tuliyemwita akazitazama, akanitazama na mimi. Hakusema neno. Akasogeza kabati, akapiga msasa kipande kidogo cha sakafu nyuma yake, kama kiganja hivi, akakilowesha kwa kitambaa. Jamani! Chini kulikuwa na rangi ya dhahabu yenye mistari ya kahawia. Ule weusi wote ulikuwa ni miaka 40 ya polishi, vumbi na nyayo.

"Mama, wewe umenunua rangi ya uchafu," akaniambia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: usilinganishe ubao mpya na sakafu ilivyo, linganisha na sakafu ilivyo chini ya polishi. Na ujue ni mti gani. Mninga wenyewe haufanani, mmoja wa dhahabu, mwingine unaelekea wekundu, hata ikiwa imekatwa msitu mmoja. Nenda na kipande chako mkononi ukachague ubao mmoja mmoja. Picha ya simu itakuliza.

Halafu kuna suala la karatasi. Mninga hukua taratibu mno. Mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliingiza mninga na mkongo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Hapa nyumbani, mbao za msituni zinasafiri kwa hati kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Muuzaji akikuambia hati ipo nyumbani, muage kwa heshima. Na kama una ubao wa zamani wa mninga, usiuchome kuni. Upige randa, utumie tena.

Unene na unyevu

Mninga ukapatikana. Hapo tukakutana na suala la unene. Mbao za dukani tunazinunua kwa inchi, moja kwa sita, moja kwa nane, lakini zikishapigwa randa hazibaki inchi. Sakafu ya baba ilikuwa na milimita 20. Fundi akapima kwanza ya zamani pamoja na vipande vya mbao vilivyolala chini yake, ndipo akatuambia jamvi jipya limwagwe liishie wapi. Ukimwaga jamvi kwanza na kupima baadaye, utaishia na ngazi katikati ya sebule.

Jamvi tulilimwaga mwezi Mei, na chini tukaweka nailoni nzito kuzuia unyevu wa ardhini. Mume wangu alitaka mbao ziingie Juni. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila sentimita 2.5 za zege zipe mwezi mmoja kukauka. Letu lilikuwa la sentimita 10, kwa hiyo hesabu ikatupeleka Septemba. Kabla ya kuanza, fundi alikata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, akaibandika kwenye jamvi pande zote, akaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu. Ungeona matone chini yake, maana yake zege bado linatoa maji, na mbao zitayanywa.

Mbao nazo zililala ndani ya chumba chenyewe wiki 2, zimepangwa kwa nafasi hewa ipite katikati. Ubao unavimba ukipata unyevu na kusinyaa ukikauka. Mninga una sifa ya kutulia kuliko miti mingi, lakini nao ni mti. Ndiyo maana fundi aliacha nafasi ya kama sentimita 1 kuzunguka kuta zote, ikafunikwa na ubao wa chini ya ukuta.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika

Ikabaki kuunganisha. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kufumanisha: unang'oa baadhi ya mbao za mwisho za zamani, moja ndefu moja fupi, na mpya zinaingia katikati kama vidole vya mikono miwili. Ikifanywa vizuri hutajua sakafu mpya imeanzia wapi. Ya pili ni kukata mstari mnyoofu, na kuweka ubao mmoja wa kutenganisha.

Mzee akasema, "Wekeni mstari. Msingi wa zamani umeshakaa. Huu mpya bado haujaizoea mbuga."

Kwa msomaji wa Dar, mbuga hapa si ya wanyama. Usukumani mbuga ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi tunaolimia. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kama gundi, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Chini ya nyumba ya zamani, udongo ulishafunikwa miaka 40 na unyevu wake umetulia. Chumba kipya kilikuwa pembeni, kinapokea maji yote ya bati.

Mume wangu hakutaka kusikia. "Nataka iwe sakafu moja, siyo kiraka." Mimi nilijua mzee ana hoja, lakini nilikuwa nimeshakosea kwenye mkongo, mdomo wa kubisha ningeutoa wapi? Nikanyamaza. Akaletwa fundi mwingine, kijana, akafumanisha. Oktoba sebule ilikuwa si mchezo. Majirani walikuja kushangaa.

Mvua zikaanza. Januari 2022 asubuhi moja nikasikia kishindo. Mbao 3 za kwenye maungio zilikuwa zimenyanyuka, na mama mkwe alikuwa chini, ameshika kifundo cha mkono. Kilikuwa kimeteguka. Alikaa na bandeji wiki 4, na kila aliyekuja kumsabahi, "Mwangaluka, mayu," alijibiwa huku mama ameficha mkono ndani ya kanga ili mwanaye asione aibu.

Mimi na mume wangu hatukusemezana siku 9. Nilimlaumu kwa kutomsikiliza mzee. Yeye alinilaumu kwa jambo lililoniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli: "Ulijua, na ulinyamaza."

Mstari

Siku ya 10 alikwenda mwenyewe kumwomba radhi fundi mzee. Kiangazi kilipoingia wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali na msingi. Kisha mzee akakata maungio yote, mstari mmoja mnyoofu pale ulipokuwa ukuta. Akauliza, "Ule mkongo wa mama uko wapi?"

Ule ule niliokosea! Akachonga ubao mmoja mwembamba, mwekundu, akaulaza juu ya mstari. Aliupigilia upande wa zamani tu. Upande mpya umeegemea bila msumari, ili chumba kipya kikipanda au kushuka kidogo kisiburute sakafu ya baba.

Mwisho wakapiga msasa sakafu zote mbili kwa pamoja, wa kukwaruza kwanza, laini mwishoni. Polishi ya zamani ilitolewa yote, maana vanishi haishiki juu ya nta. Walifunga pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mninga linawasha na kubana kifua. Vanishi ikawa ya aina moja, siku moja.

Je, zinafanana? Hapana, si kabisa. Mpya bado ni changa kidogo, na mzee alitukataza kuweka zulia miezi ya mwanzo ili mwanga uzipate sawa. Lakini mgeni akiingia anaona mbao za dhahabu, mstari mwekundu, kisha mbao za dhahabu. Wengi wanadhani ni urembo tulioulipia. Mvua zimekuja na kwenda tangu hapo na hakuna ubao ulionyanyuka.

Mama mkwe amehamishia kiti chake pale pale kwenye mstari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hapa naona kwa baba yenu, na naona kwenu."

Kabla hujamwita fundi

• Safisha kona iliyofichika uione rangi halisi ya ubao.

• Beba kipande cha zamani dukani, na udai hati ya mbao.

• Pima unene kabla ya kumwaga jamvi.

• Lipe zege muda, jaribu kwa nailoni, na laza mbao chumbani wiki 2.

• Msingi mmoja, fumanisha. Misingi miwili, weka mstari, hasa kwenye udongo mweusi.

• Ukiona mwenzako anakosea, sema. Ukimya ni ghali kuliko mninga.