Limba na Ndizi Katika Pori la Luki

Wewe unayeona kila siku miti ikigeuka makala, sikia habari ya Luki, karibu na Boma. Mwaka 1937 serkali ya Wabeleji ilifunga pori hilo, karibu hektari 33,000. Walitaka sana limba, muti mwenye mbao nzuri ya kupasua. Lakini vijiji vingine vilikuwa ndani! Watu wale walime wapi?

Kiisha vita ya 1945 wakapata njia: mulimaji asafishe vichaka, apande ndizi kati ya miche ya limba. Yeye avune ndizi, ale, auze. Miche ipate mutu wa kuipalilia. Kweli ni akili. Lakini limba ikikomaa na kuleta kivuli, ndizi zilikufa. Mulimaji akatoka, na muti haukuwa wake.

Vijiji vile vingali ndani hata leo.