Dawa iwe silaha ya mwisho dhidi ya wadudu wa mboga

MKULIMA anayenyunyizia sukuma wiki dawa kila wiki, na bado akaona majani yakitobolewa, hana haja ya kuongeza kipimo. Huenda ni dawa yenyewe inayowapa viwavi nafasi ya kustawi.

Jambo hili lina uzito kwa wakulima wa Busibwabo, katika eneobunge la Matayos, kaunti ya Busia, ambako joto huharakisha kuzaana kwa wadudu. Adui mkuu wa sukuma wiki na kabichi ni kiwavi wa nondo mdogo mwenye alama mithili ya almasi mgongoni. Penye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa majuma mawili au matatu. Wachache wanaonusurika dawa huzaa wengi wasiodhurika nayo. Huko Java, Indonesia, nondo huyu aliripotiwa kuistahimili DDT mnamo 1953, na tangu hapo amezishinda dawa nyingi.

Isitoshe, dawa kali huwaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Buu la nyigu humla kiwavi kutoka ndani hadi afe. Mwaka wa 2002, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, jijini Nairobi, kiliwaachilia nyigu aina ya Diadegma kutoka Taiwan katika milima ya Taita na eneo la Limuru. Katika miaka iliyofuata, viwavi walipungua sana. Kwa kuwa Diadegma hupenda baridi, aina nyingine, Cotesia, ililetwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya sehemu zenye joto.

Nyigu hawa hawawezi kusaidia shamba linalonyunyiziwa sumu ovyo. Ndiyo maana wataalamu husisitiza udhibiti husishi, yaani kuunganisha mbinu kadhaa kwa utaratibu.

Kwanza ni kinga. Miche ikuzwe chini ya chandarua, kabichi isipandwe palipotoka sukuma wiki, na mashina makuukuu yang'olewe, kwani ndiyo maficho ya wadudu.

Pili ni ukaguzi. Mara mbili kwa wiki, mkulima apite shambani akigeuza majani ya mimea ishirini hivi. Viwavi wakiwa wachache, waokotwe kwa mkono.

Wakizidi, aanze na dawa ya mwarobaini au ile ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo huua viwavi bila kuwadhuru nyigu. Sumu kali iwe ya mwisho, na aina zibadilishwe ili wadudu wasiizoee moja.

Dawa isiyo na lebo isinunuliwe kamwe, iwe imetoka upande wowote wa mpaka. Lebo ndiyo inayoonyesha kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Asiyezihesabu siku hizo humlisha mnunuzi sumu, na jamaa yake pia, kwa kuwa mboga za sokoni na za nyumbani hutoka shamba moja.